Namna ya Kumtafuta na Kumtambua Tiva wa Mafunjo katika Vinamasi vya Ziwa Victoria

Mtu anayekwenda kumtafuta tiva wa mafunjo kwa mara ya kwanza huwa ameambiwa jambo moja tu, kwamba ni ndege mwekundu. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini ndiyo yanayowapoteza wengi, kwa sababu kandokando ya Ziwa Victoria wapo tiva wa aina mbili wenye kidari chekundu kama pilipili mbivu, nao hukutana pale mafunjo yanapopakana na vichaka. Mmoja, tiva kichwa-cheusi, ni ndege wa kawaida ambaye huingia hata kwenye bustani za watu. Mwingine ameyafanya mafunjo kuwa makao yake, na wapo wavuvi na wakata mafunjo wanaomsikia kila siku kwa miaka mingi bila kumtia machoni zaidi ya mara chache. Wekundu ndio unaoonekana kwanza, na ndio usiosaidia lolote katika kuwatofautisha. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo mawili: namna ya kumfanya ndege huyu aonekane bila kumsumbua, na mahali pa kuelekeza macho katika zile sekunde chache atakazokuwa wazi.

Mjue kabla ya kuondoka nyumbani

Jina lake la kisayansi ni Laniarius mufumbiri, nalo lilitolewa mwaka 1911 na mtaalamu wa ndege wa Uingereza, Ogilvie-Grant. Neno la pili linatokana na Mufumbiro, jina la zamani la volkeno za Virunga zilizo kwenye mipaka ya Uganda, Rwanda na Kongo. Makao yake ni vinamasi vya mafunjo vya magharibi mwa Kenya, Uganda, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, Rwanda, Burundi na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wala hatafutwi mbali na hapo.

Urefu wake ni kama sentimita 18, yaani anamkaribia shore kwa ukubwa, ingawa kiwiliwili chake ni kinene zaidi. Uso, mgongo na mkia ni vyeusi. Utosi ni wa manjano iliyokolea, karibu na rangi ya bizari, na manjano hiyo huishia kisogoni. Kwenye bawa jeusi kuna mstari mweupe ulio wazi. Koo, kidari na tumbo ni vyekundu, na sehemu iliyo chini ya mkia ni nyeupe. Mdomo ni mweusi, mnene, na ncha yake imepinda kidogo kama ndoano, kama ilivyo kwa jamaa zake wanaokamata wadudu wakubwa. Dume na jike wanafanana, hivyo hakuna haja ya kuhangaika kuwatenganisha kwa macho.

Tiva kichwa-cheusi hana manjano utosini wala weupe bawani: juu yote ni mweusi tititi kutoka kwenye mdomo hadi ncha ya mkia, na chini ni mwekundu. Sehemu iliyo chini ya mkia wake huwa na rangi ya krimu, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kutegemewa ndani ya kivuli cha mafunjo. Jicho nalo halisaidii, kwa kuwa wote wawili wana jicho la rangi iliyopauka ambalo hung'aa usoni penye weusi. Mambo ya kukariri kabla ya safari ni mawili basi, utosi na bawa, na ninashauri msomaji ayakariri kwa kumchora ndege kwa mkono wake mwenyewe hata kama mchoro utakuwa mbaya, kwa sababu mkono uliochora mstari wa bawa mara tatu huwa umeulazimisha ubongo kuukumbuka.

Chagua mafunjo yanayofaa

Si kila penye maji na majani marefu pana ndege huyu. Matete peke yake hayamtoshi, na mafunjo yaliyosimama mashina machache ufukweni hayamfichi. Anataka mafunjo mazito na marefu, yale yanayofika mita 3 au 4, yenye mashina makavu yaliyolala chini katikati ya mabichi, kwa sababu humo ndimo anamotafutia wadudu na ndimo anamojificha. Mahali palipokatwa karibuni kwa ajili ya mikeka na mapaa, au palipochomwa moto, patazamwe kwa jicho jingine: ndege hakai katikati ya eneo lililokatwa, ila huenda akatokeza kwenye ukingo wake, mahali ukuta wa mafunjo ya zamani unapokutana na machipukizi. Kwa mtazamaji ukingo wa namna hiyo ni bora kuliko kina cha kinamasi, kwa kuwa mna nafasi ya kuona.

Nchini Kenya, mahali rahisi pa kuanzia ni Dunga, kusini mwa mji wa Kisumu, ambapo mafunjo yanafika karibu na gati la wavuvi na wapo vijana wa kijiji waliojifunza kazi ya kuongoza wageni. Kinamasi cha Yala, kilichopo katika kaunti za Siaya na Busia, ni kikubwa zaidi na kinahitaji siku nzima au mbili, hasa kwa anayetaka kuzunguka upande wa Ziwa Kanyaboli. Nchini Uganda wengi huenda Mabamba, si mbali na Entebbe, na mara nyingi humkosa tiva kwa sababu macho yao yote yako kwa domo-kiatu, yule ndege mkubwa wa kijivu aliyeupa kinamasi hicho sifa. Nchini Rwanda yapo mafunjo ya Akagera. Popote utakapochagua, uliza kwanza hali ya maji. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimewahi kupimwa tangu vipimo vianze, na njia nyingi za miguu za ufukweni zilizamishwa. Mwongozo wa safari ulioandikwa kabla ya hapo unaweza kukupeleka kwenye njia ambayo haipo tena.

Kuhusu msimu hakuna mengi ya kusema. Ndege huyu hahami, na anaweza kupatikana mwezi wowote. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, humtatiza zaidi mtazamaji kuliko ndege, kwa maana ya barabara na radi.

Vifaa, mtumbwi na usalama

Darubini ya macho mawili ya kipimo cha 8x42 inafaa kuliko ya 10x42 kwa kazi hii. Tarakimu ya kwanza ni ukuzaji na ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Ukuzaji wa mara 10 hukuza pia mtikisiko wa mtumbwi, na uwanja wake wa kuonea ni mwembamba, wakati ndege mwenyewe mara nyingi atakuwa umbali wa mita 10 hadi 20. Jambo la kuhakikisha ni kwamba darubini yako inaweza kulenga kitu kilicho karibu, mita 3 hivi, bila ukungu. Chukua pia daftari dogo lenye jalada gumu na penseli badala ya kalamu ya wino, kwa sababu karatasi italowa, na mfuko wa plastiki wa kuhifadhia simu.

Nguo ziwe za rangi ya majani makavu, zenye mikono mirefu kwa ajili ya mbu. Usiingie majini kwa miguu mitupu wala kunawa uso kwa maji ya ukingoni, kwa kuwa konokono wanaoeneza kichocho hukaa katika maji yaliyotulia yenye majani. Usikanyage tandiko la mafunjo linaloelea, hata likionekana gumu kama nchi kavu. Linabonyea hatua kwa hatua na hatimaye hupasuka, na chini yake ni maji yenye matope yasiyo na mahali pa kujishikiza.

Mtumbwi ukodishwe kutoka kwa mtu anayekijua kinamasi hicho, si kwa yule mwenye injini yenye nguvu kuliko wote. Kubalianeni bei, muda na njia kabla ya kupanda, na mwambie nahodha waziwazi kwamba unataka kusimama mahali pamoja kwa nusu saa, maana wengi wamezoea wageni wanaotaka kuzungushwa. Kila abiria avae jaketi la kuokoa maisha. Nahodha akisema pana viboko, neno lake liwe la mwisho. Alfajiri ndio wakati viboko wanaporudi majini kutoka malishoni, na mwanya unaouona wewe kuwa mahali pazuri pa kungojea ndege huenda ukawa njia yao ya kila siku. Vilevile upepo unaweza kusukuma gugumaji na visiwa vya mafunjo yaliyong'oka vikaziba mlango wa mfereji mliopitia, kwa hiyo msiingie ndani sana bila kujua njia ya pili ya kutokea.

Fika mapema, kisha nyamaza

Jijini Kisumu jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Inafaa uwe tayari umeketi mahali pako kabla ya wakati huo, kwa kuwa saa mbili za kwanza za mwanga ndizo zenye sauti nyingi na upepo mdogo. Kuanzia kati ya asubuhi upepo wa ziwa huanza kuvuma kuelekea nchi kavu, vichwa vyote vya mafunjo huanza kuyumba kwa pamoja, na kuanzia hapo kumtambua ndege kwa mtikisiko wa mashina hakuwezekani. Jioni, kuanzia saa kumi na moja, hali huwa nzuri tena ingawa si kama asubuhi.

Dakika 10 za mwanzo usinyanyue darubini kabisa. Zitumie kusikiliza. Tiva huimba wawili wawili: mmoja hutoa mlio wa filimbi, mzito na laini, mara moja au mara mbili, na mwenzake hudakia papo hapo kwa mkwaruzo mkavu kama kitambaa kinachochanwa. Wanapatana kwa wakati kiasi kwamba asiyejua hudhani ni ndege mmoja. Ukiwa katikati ya jozi, yaani filimbi ikitokea kushoto na mkwaruzo kulia, ndipo utakapogundua kwamba ni wawili, na hapo umepata pia habari ya thamani: unajua mipaka ya eneo wanalolitumia asubuhi hiyo.

Lazima nitahadharishe hapa. Tiva kichwa-cheusi naye huimba kwa mtindo huo huo wa filimbi na mkwaruzo, na mahali wote wawili walipo, mimi sithubutu kuandika jina la mmojawapo kwa sauti peke yake. Sauti inakuambia pa kutazama. Kutambua ni kazi ya macho.

Utasikia mengine mengi. Kuna ndege mdogo wa kahawia iliyokolea, mwenye weupe kwenye pindo la bega na michirizi kifuani, ambaye wimbo wake huanza polepole, nota moja moja, kisha huharakisha na kumalizika kwa mpapatiko wa mabawa ndani ya mafunjo. Naye ni mkazi wa mafunjo, na kumsikia ni dalili njema kwamba kinamasi bado ni kizima, lakini usipoteze asubuhi ukimfuata yeye. Dudumizi watabubujika kama maji yanayomiminwa kutoka chupani. Minana watapiga kelele kwenye viota vyao bila kukoma. Ziache kelele zao zipite nyuma ya masikio, usikilize kinachobaki.

Kungoja kwenye mwanya

Kosa la kawaida ni kuifuata sauti. Mtumbwi unasogezwa, sauti inanyamaza, inaanza tena mita 30 mbele, mtumbwi unasogezwa tena, na kufikia saa tatu watu wamechoka, ndege amehamia kwenye kina cha kinamasi, na hakuna aliyeona hata unyoya. Mafunjo ni ukuta. Ndege anaweza kukupita umbali wa mita 2 bila wewe kumwona, ila hawezi kuvuka mwanya bila kuonekana. Kwa hiyo chagua mwanya: mfereji wa mtumbwi, njia ya kiboko isiyotumika tena, ukingo wa mahali palipokatwa. Uwe ndani ya eneo la jozi uliyoisikia, uwe na jua mgongoni mwako, kisha nahodha achomeke upondo kwenye matope, mtumbwi ufungwe kwake, na watu watulie.

Jinsi ya kutazama wakati wa kungoja nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi aliyekuwa akitupeleka asubuhi moja isiyo na upepo. Maji yalikuwa bado yakidondoka kutoka kwenye upondo wake, tone moja moja, na sauti ya filimbi ilikuwa ikitokea mbele yetu, karibu sana. Mimi nilikuwa nimeelekeza darubini kule kunakotoka sauti, nikiyapekua mashina kwa lenzi mmoja baada ya mwingine. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, acha kutafuta kunakolia. Tazama shina linalotikisika peke yake." Niliteremsha darubini. Mafunjo yote yalikuwa yamesimama wima, vichwa vyao vya nyuzi vikiwa vimejaa umande, isipokuwa shina moja lililoinama kidogo, likarudi, kisha la pili yake likainama. Mtikisiko ulikuwa ukija kushoto kuelekea mfereji, shina kwa shina, kama mtu anayepita shambani kwenye mahindi. "Mzee, anakuja?" nikauliza. "Anakuja. Weka kitu chako hapo mwisho." Nikalenga darubini kwenye shina la mwisho kabla ya mwanya, mita moja hivi juu ya maji, na baada ya muda mfupi kidari chekundu kikatokea pale pale.

Tangu siku hiyo nimefuata utaratibu huo: macho matupu kwanza, bila darubini, yakitazama ukuta mzima, mtikisiko ukionekana, kadiria utatokea wapi, ndipo unyanyue darubini na kulenga mahali ambapo ndege bado hajafika. Anayesubiri ndege atokee ndipo anyanyue darubini huambulia mkia.

Mpangilio wa macho

Ndege akitokea utakuwa na sekunde tatu, pengine tano. Moyo utataka kutazama wekundu, kwa kuwa unavutia. Jikataze. Anza na bawa. Mstari mweupe huonekana ubavuni, na ubavu ndio upande ambao ndege anayevuka mwanya hukuonyesha mara nyingi. Ukishauona mstari, panda utosini. Manjano ya utosi inahitaji ndege ainamishe kichwa au akugeukie uso, jambo ambalo hulifanya anapochokonoa shina kutafuta wadudu. Vikionekana vyote viwili, kazi imekwisha na unaweza kuufurahia wekundu kwa muda uliobaki. Kikionekana kimoja waziwazi, hicho nacho kinatosha kumwondoa tiva kichwa-cheusi, mradi uwe na hakika kwamba weupe ulikuwa alama ya bawa na si mwanga wa jua uliopenya kati ya mashina.

Hapa ndipo mtumbwi unapomponza mtazamaji. Ukiwa umeketi karibu na usawa wa maji na ndege amekaa mita 2 juu yako, unachokiona ni tumbo, yaani wekundu, na sehemu ya chini ya mkia. Utosi umefichwa na kichwa chenyewe, na bawa limefunikwa na manyoya ya ubavu. Katika pembe hiyo tiva wote wawili ni sawasawa. Dawa yake ni kurudi nyuma, si kusogea mbele: kadiri unavyokuwa mbali, ndivyo pembe ya kutazama inavyopungua na ubavu kuonekana. Penye jukwaa la mbao au mwinuko wa nchi kavu ulio juu kidogo ya mafunjo, tumia hapo, kwani kumtazama ndege huyu kutoka juu ni bahati inayofaa kutafutwa.

Mwanga nao hudanganya. Jua likiwa nyuma ya ndege, kila kitu huwa cheusi na mstari wa bawa hupotea. Asubuhi na mapema, jua likiwa bado la rangi ya dhahabu, mng'ao juu ya kichwa cheusi unaweza kuonekana kama manjano. Kwa sababu hiyo manjano iliyoonekana katika dakika za kwanza za mapambazuko ithibitishwe na bawa kabla ya kuandikwa.

Wanaoweza kuchanganywa naye

Baada ya tiva kichwa-cheusi, ambaye ameshaelezwa, wengine ni rahisi zaidi. Chozi mwenye utepe mwekundu kifuani huonekana sana kwenye mafunjo na maua ya ufukweni, ila yeye ni mdogo mno, mdomo wake ni mwembamba na umepinda kama sindano ya gunia, na wekundu wake ni utepe tu. Ndege mdogo mwekundu na mweusi wa jamii ya minana, ambaye wakati wa kuzaliana hukaa juu kabisa ya matete akijitutumua manyoya na kuruka kama nyuki mkubwa, hukaa wazi kwa makusudi; tiva hafanyi maringo ya namna hiyo, na mdomo wa yule ni mfupi na mnene kama wa mla mbegu. Ukiona kichwa cha manjano peke yake kikichungulia, bila kuona kilicho chini yake, fikiria mnana kwanza, kwa sababu kwa kila tiva mmoja wako minana wengi.

Makinda yana taabu yake. Rangi za kinda zimefifia, wekundu haujakamilika na utosi haujakolea, na kinda la tiva kichwa-cheusi nalo halifanani na wazazi wake, kwani huwa na milia kifuani. Ninapomwona kinda peke yake, huwa nangoja mzazi aje kumlisha. Asipokuja, sitoi jina.

Andika kabla ya kufungua kitabu

Ndege akishaondoka, chukua penseli kabla ya kusema neno na wenzako. Andika ulichokiona, kwa mpangilio ule ule: bawa, utosi, chini, mdomo, mahali alipokuwa, alichokuwa akifanya, upande wa mwanga, umbali. Andika pia usichokiona. Sentensi kama "utosi haukuonekana" ina maana kubwa kuliko unavyodhani, kwa sababu miezi sita baadaye kumbukumbu itakuwa imejaza pengo hilo kwa picha ya kitabuni, na utaapa kwamba uliona manjano.

Nina ukurasa katika daftari la zamani ulioandikwa "tiva wa mafunjo, mmoja, wazi kabisa," na chini yake hakuna kingine. Nilipourudia nilikumbuka kwamba ndege yule alikuwa kwenye kichaka kando ya shamba, hatua nyingi kutoka kwenye mafunjo, na kwamba nilichokiona kilikuwa kidari tu. Nimeukata kwa mstari mmoja, na ninauonyesha kwa kila ninayesafiri naye.

Picha husaidia hata ikiwa mbaya. Picha yenye ukungu inayoonyesha ubavu ni ushahidi bora kuliko picha safi ya tumbo jekundu. Kurekodi mwimbo kwa simu ni kwepesi na kunafaa, mradi utaje kwenye rekodi yenyewe, kwa sauti yako, tarehe, mahali na kwamba ndege alionekana au hakuonekana.

Kuhusu kumwita kwa sauti zilizorekodiwa

Wako wanaocheza wimbo wa tiva kwenye spika ili atoke. Hufanya kazi, na ndiyo maana ni tatizo. Jozi inayosikia wimbo ngeni ndani ya eneo lake huacha kula na kulisha, hutoka kupambana na mvamizi asiyekuwepo, na katika vinamasi vinavyotembelewa sana jozi ile ile huchokozwa na kila kundi linalopita. Zaidi ya hayo, mahali walipo tiva wa aina zote mbili, usishangae wimbo huo ukimtoa yule usiyemtaka. Mimi situmii, na nahodha akijitolea kunichezea kutoka kwenye simu yake humwomba kwa heshima aache. Vivyo hivyo usikubali mafunjo yakatwe au yapindwe ili upate nafasi ya picha. Kiota kinaweza kuwa humo, nacho hakionekani mpaka kimeshafunuliwa.

Kupeleka taarifa

Taarifa iliyobaki daftarini haimsaidii mtu mwingine. Kwa Kenya, mradi wa Kenya Bird Map hugawa nchi katika miraba ya dakika 5 kwa dakika 5 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 9 kwa kilomita 9, na orodha kamili ya mraba inahitaji angalau saa 2 za kutazama kwa bidii. Asubuhi moja ya kumngoja tiva inatimiza saa hizo bila shida, kwa hiyo orodhesha pia kila ndege mwingine uliyemtambua ukiwa mwanyani. Aliye katika nchi nyingine anaweza kutumia eBird, ambayo hupokea orodha kutoka popote duniani. Programu hizi hupitiwa na wakaguzi, na mkaguzi akikuandikia kuuliza ulijuaje kwamba si tiva kichwa-cheusi, usikasirike. Mnakilie maneno ya daftarini kama yalivyo.

Ikiwa ulichokiona ni wekundu tu, andika "tiva, aina haikujulikana," pamoja na mwanya na saa. Kisha panga kurudi. Jozi ya tiva hukaa katika eneo lake, na ndege aliyevuka mfereji saa moja na robo leo ana nafasi nzuri ya kuvuka karibu na hapo kesho, nawe safari hii utakuwa umeshalenga darubini kwenye shina la mwisho.